Msimbo Wako: Uutoe Bure au Uufungie?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: msanidi aliyekesha miezi akiandika programu, je, auachie umma msimbo wake au aufungie? Tumechagua zile zilizouliza kwa undani. Kabla ya kuanza tukubaliane maneno. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadili, na kuusambaza ukiwa umebadilishwa au haujaguswa. Programu inayopakuliwa bila malipo huku msimbo wake umefichwa si huria. Wala hakuna leseni huria inayokataza kuuza.

Swali: Kwa miaka miwili nimeandika programu ya kusimamia bidhaa ghalani. Nina wateja sita wanaolipa kila mwezi. Wenzangu wananishauri niuweke msimbo hadharani ili programu ijulikane haraka. Nahofia riziki yangu. Nifanyeje? — Msanidi wa kujitegemea

Jibu: Usiiachie yote sasa hivi, ndugu. Kwanza chukua karatasi uandike kila mteja kati ya hao sita analipia nini hasa. Je, analipia faili ya programu, ambayo akishaisakinisha hamtafutani tena? Au analipia kusakinishiwa, kutunziwa nakala za akiba za data, kufundishiwa wafanyakazi wapya, na kuwa na mtu wa kumpigia simu mashine ya risiti inapogoma? Kama wengi wako kundi la pili, kuutoa msimbo hakutawaondoa, kwa sababu mwenye ghala hana hamu ya kugeuka msimamizi wa seva. Kama wako kundi la kwanza, kuutoa msimbo ni kufuta bei.

Jambo la pili ni aina ya watumiaji, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Msanidi hutarajia kwamba akiufungua msimbo, wajitoleaji watamiminika kurekebisha kasoro. Hilo hutokea zaidi kwa programu ambazo watumiaji wake ni wasanidi wenyewe: maktaba za msimbo, zana za mstari wa amri, hifadhidata. Mtumiaji wa zana kama hizo akikwama anaweza kuufungua msimbo, kuuona mstari wenye kosa na kuleta kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo linaloondoa kosa. Mwenye ghala akikwama ataleta malalamiko, tena ya haki, lakini kiraka hana. Ukiifungua programu nzima ya ghala ukisubiri mafundi, utapata watumiaji wengi zaidi wa kuwahudumia na mikono ileile miwili.

Kwa hiyo igawe. Ndani ya programu yako kuna vipande visivyohusu ghala hata kidogo: kusoma msimbopau, kuingiza data kutoka faili za CSV, kupanga risiti kwenye karatasi ya milimita 80, kuoanisha data simu inaporudi mtandaoni. Kitoe kimoja kwanza, kile chenye majaribio ya kutosha na kisichotegemea vingine. Kitakuletea wasanidi, jina, na pengine viraka, bila kugusa kile wanacholipia wateja. Baada ya miezi sita utakuwa umejifunza kazi ya kutunza mradi wa umma ilivyo, ndipo uamue kuhusu mzigo mkubwa.

Wapo waliotoa kila kitu na wakapata fedha, lakini angalia fedha zilipita mlango gani. Kampuni ya Red Hat haikuuza Linux, mfumo endeshi huria, yenyewe. Iliuza usajili wa masasisho na msaada wa kitaalamu, na IBM iliinunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Hifadhidata ya MySQL ilitolewa kwa leseni mbili, GPL (leseni huria tutakayoieleza hapa chini) kwa umma na leseni ya kulipia kwa kampuni zilizotaka kuiingiza katika bidhaa zilizofungwa. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja. Blender, programu ya michoro ya 3D, ilikuwa mali ya kampuni iliyofungwa, na mwaka 2002 watumiaji wakachanga euro 100,000 kwa muda wa wiki saba, msimbo ukakombolewa na kutolewa kwa GPL. Kote huko uwazi ulileta watumiaji, na fedha zikatafutwa kwa njia nyingine iliyopangwa. Kama njia hiyo huioni bado, tunza wateja wako sita.

Swali: Nikishauweka msimbo hadharani, nitakuwa nimepoteza umiliki wake? Na je, nikibadili mawazo baadaye?

Jibu: Umiliki haupotei. Hakimiliki inazaliwa pale unapoandika, bila usajili wowote, katika nchi zote zinazofuata Mkataba wa Berne. Leseni ni ruhusa tu unayowapa wengine, wewe ukibaki mwenyewe. Kinyume chake kina maana pia: msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si huria. Watu wanauona, lakini hawana ruhusa ya kuutumia, na kampuni makini zitaukwepa.

Kubadili mawazo kuna mipaka. Toleo ulilokwisha kulitoa kwa leseni huria, waliolipokea wanaendelea nalo. Huwezi kulirudisha mfukoni. Toleo linalofuata unaweza kulitoa kwa masharti mengine, ilimradi hakimiliki yote iwe yako. Ukishapokea viraka vya watu wengine, kila kipande kina mwenyewe. VideoLAN, watunzaji wa kicheza video cha VLC, walipotaka kuihamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake iliyo legevu zaidi, mwaka 2011, walilazimika kuwatafuta wachangiaji mmoja mmoja kuomba ridhaa.

Kama unafikiri siku moja utauza leseni ya pili, amua utaratibu kabla ya kupokea kiraka cha kwanza. Njia zinazotumika ni mbili, na ya kwanza tu ndiyo inayokupa nafasi hiyo. Ya kwanza ni mkataba wa mchangiaji, unaofahamika kama CLA, ambamo mchangiaji anakupa ruhusa ya kutoa kazi yake kwa leseni nyingine. Ya pili ni tamko la DCO, lililoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya Linux: mchangiaji anatumia amri git commit -s ya Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na mstari wa Signed-off-by wenye jina lake unaongezwa kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Wengi huzichanganya. DCO haikupi haki ya kubadili leseni hata kidogo. Inakulinda tu dhidi ya msimbo wa wizi.

Na hata sheria inapokuruhusu, watu wana miguu. Kampuni ya HashiCorp ilipoiondoa Terraform, zana yake ya kusimamia seva, kwenye leseni huria Agosti 2023, watumiaji walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha OpenTofu. Kampuni ya Redis ilifanya vivyo hivyo kwa hifadhidata yake Machi 2024, ukazaliwa mradi wa Valkey. Mwaka uliofuata Redis wenyewe walirudisha leseni huria kwa kuongeza AGPL.

Swali: Leseni ni nyingi mno. MIT, Apache, GPL, AGPL... Nichague ipi, na niiweke vipi?

Jibu: Jiulize swali moja: mtu akiuboresha msimbo wangu akauza, nataka maboresho yake yarudi kwa umma au sijali?

Kama hujali, MIT inatosha. Ni aya chache tu, na sharti lake ni kuhifadhi tamko la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni katika kila nakala. Apache 2.0, ya mwaka 2004, inafanana nayo kwa ukarimu lakini inaongeza jambo zito: kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza zake (haki za kumiliki uvumbuzi) zinazohusu mchango wake, na anayeshtaki kwamba programu hiyo inavunja hataza yake anapoteza ruhusa za hataza alizopewa. Kwa maktaba itakayotumiwa na kampuni, sisi tungechukua Apache 2.0 kuliko MIT kwa sababu hiyo.

Kama unataka maboresho yarudi, ingia familia ya GPL. Anayesambaza programu yenye msimbo wako lazima awape waliopokea msimbo chanzo wote wa programu hiyo kwa leseni ileile. Zingatia neno kusambaza: anayeirekebisha na kuitumia ndani ya shirika lake hadaiwi chochote. LGPL inalegeza sharti ili maktaba iweze kuunganishwa na programu iliyofungwa, na MPL 2.0 inaishia kwenye faili zako tu. AGPL, toleo la 3 la mwaka 2007, inaziba pengo la seva: anayeirekebisha programu na kuwaruhusu watu kuitumia kupitia mtandao lazima awape watumiaji hao msimbo wa toleo alilorekebisha. Kwa programu ya seva ambayo unataka pia kuwauzia leseni wasiopenda masharti hayo, AGPL ndiyo chaguo letu.

Kuchanganya kuna sheria zake. Msimbo wa MIT unaingia karibu popote. Msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingia katika mradi wa GPL toleo la 3, lakini si katika mradi unaotumia toleo la 2 pekee, kama ulivyo kiini cha Linux. Msimbo wa GPL hauwezi kuingia katika bidhaa iliyofungwa unayoisambaza. Basi kabla ya kuchagua, orodhesha maktaba zote unazotegemea, pamoja na zile zinazotegemewa nazo, na leseni ya kila moja. Mara nyingi orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia.

Usitunge leseni yako, na usiongeze mstari wa "isitumike kibiashara" chini ya MIT. Ufafanuzi rasmi wa programu huria, unaotunzwa na shirika la OSI tangu 1998, una vigezo 10, na kimojawapo kinakataza kubagua aina ya matumizi. Leseni za Creative Commons nazo ziache kwa picha na nyaraka. Waliozitunga wenyewe hawashauri zitumike kwa programu.

Kuiweka leseni uliyochagua ni kazi ya dakika kumi. Nakili maandishi kamili ya leseni kwenye faili iitwayo LICENSE katika folda ya juu kabisa. Juu ya kila faili ya msimbo weka mstari wa hakimiliki, na chini yake mstari kama huu: SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later. Makosa ya kawaida: kuandika "GPL" bila kutaja toleo, README (faili ya maelezo ya mradi) kusema MIT huku LICENSE ikisema Apache, na kuacha nafasi ya jina na mwaka tupu kama ilivyokuja na kiolezo. Mwanasheria wa kampuni akikuta hali hiyo hatakuuliza, ataipita programu yako.

Swali: Nina hifadhi ya Git ya miaka minne ninayotaka kuifungua. Nisafishe nini kabla?

Jibu: Anza na nywila na funguo za huduma, kwa sababu hapo ndipo madhara huja kwa kasi. Kosa linalorudiwa kila siku ni kufuta faili yenye ufunguo, kuhifadhi badiliko, kisha kuamini kuwa imekwisha. Git inatunza historia yote. Ufunguo wa miaka mitatu iliyopita bado umo, na roboti za wahalifu hupitia hifadhi mpya za umma mchana na usiku zikitafuta hasa hizo funguo.

Fuata mpangilio huu. Pitisha zana ya kutafuta siri kama gitleaks kwenye historia nzima, si kwenye faili za leo tu. Kila ufunguo utakaoonekana, uzime kwa mtoa huduma na uchukue mpya kwanza, hata kabla ya kusafisha. Hata usafi ukishindikana, ufunguo uliokufa hauna faida kwa mwizi. Ndipo usafishe: tengeneza nakala mpya ya hifadhi, tumia git filter-repo kuondoa faili au maneno husika, kisha upitishe gitleaks tena. Ujue kwamba vitambulisho vya rekodi zote za mabadiliko kuanzia pale ulipogusa vitabadilika, hivyo kila mwenzako atalazimika kuchukua nakala upya. Akisukuma kutoka nakala yake ya zamani, uchafu unarudi. Kama historia haina thamani kwa umma, kuna njia fupi ambayo kwa hifadhi ya miaka minne tunaipenda zaidi: anzisha hifadhi mpya yenye rekodi moja ya msimbo wa leo, na ile ya zamani ibaki ya faragha.

Baada ya funguo, tafuta data za watu. Faili za majaribio zina tabia ya kubeba majina na namba za simu za wateja halisi waliowahi kuripoti hitilafu. Badilisha zote kwa data za kubuni. Angalia pia fonti, ikoni na picha ulizonunua kwa matumizi yako. Leseni zake nyingi haziruhusu kuzigawa.

Kisha jaribu programu kwenye mashine safi, au kwenye kontena tupu, ukifuata README pekee bila kutumia kumbukumbu yako. Karibu kila mara itakwama mara ya kwanza. Sababu ni zilezile: toleo la maktaba halikutajwa, faili ya mipangilio ipo kwenye kompyuta yako tu, au njia ya folda imeandikwa ndani ya msimbo. Weka faili ya mfano, .env.example, yenye majina ya mipangilio yote bila thamani za siri.

README yenyewe iseme programu inafanya nini kwa sentensi mbili, inahitaji nini, amri za kuisakinisha, mfano mmoja mfupi unaofanya kazi, na kiasi gani cha matunzo mtu atarajie. Toleo la kwanza liite 0.1.0: kwa kanuni za namba za matoleo, chini ya 1.0.0 watu wanajua mambo yanaweza kubadilika bila taarifa ndefu.

Swali: Msimbo ukiwa wazi, si nitakuwa nimewapa wezi ramani ya nyumba?

Jibu: Usalama unaotegemea msimbo kutoonekana ni dhaifu tangu mwanzo. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alishaandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri ubaki salama hata ukianguka mikononi mwa adui. Kinachopaswa kufichwa ni ufunguo. Programu iliyofungwa nayo huchambuliwa na wajuzi kutoka faili yake ya mwisho. Kwa hiyo ficha funguo, na mipaka ya mifumo ya kunasa utapeli kama unayo. Mengine yajenge yastahimili kuonekana.

Lakini tusidanganyane upande wa pili. Uwazi unaruhusu ukaguzi, hauufanyi. Kasoro ya Heartbleed iliingia katika OpenSSL 1.0.1, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandao, Machi 2012 na kutangazwa hadharani Aprili 2014. Programu ilikuwa ikipokea ujumbe unaodai urefu fulani, na bila kulinganisha urefu huo na data iliyofika kweli, ilirudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, ambamo nywila na funguo zingeweza kuwemo. Sharti moja la kulinganisha lilikosekana, msimbo ukiwa wazi kwa yeyote, miaka miwili.

Tukio la xz, programu ya kubana data, la mwaka 2024 linafundisha zaidi, kwa sababu shambulio lilimlenga mtunzaji kabla ya msimbo. Mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa peke yake na amechoka, alipewa mamlaka ya kutoa matoleo, akaingiza mlango wa siri katika 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila hiyo ilikuwamo katika furushi la toleo tu, haikuonekana kwenye hifadhi ya Git. Msanidi Andres Freund aliigundua kwa kuona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, na akaamua kufuatilia.

Yatokanayo kwa mradi wako: washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mwenye haki ya kuandika. Zuia kusukuma moja kwa moja kwenye tawi kuu, kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili akiwapo. Tengeneza furushi la toleo kwa mashine, kutoka hifadhi ya umma, ili yeyote aweze kulinganisha. Mchangiaji mzuri mpe kwanza haki ya kupanga taarifa za kasoro, baadaye ya kupitia viraka, na haki ya kutoa matoleo iwe ya mwisho kabisa. Weka faili ya SECURITY.md yenye anwani ya siri ya kupokea taarifa za usalama na muda utakaojibu. Wagunduzi wengi hufuata siku 90 kabla ya kutangaza hadharani.

Swali: Maktaba yangu inatumiwa na kampuni kubwa. Sipati hata senti, na wahandisi wao wananiandikia usiku wakidai nirekebishe kasoro "haraka". Nimechoka. Niifute?

Jibu: Pole sana. Barua kama yako ndizo zinazotuuma zaidi. Hudaiwi kitu. Soma aya ya leseni yako inayohusu dhamana: programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Ulitoa msimbo; usiku wako hukuutoa.

Kuifuta, hata hivyo, kutawaumiza wasiokukosea. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa maktaba zake kwenye rejista ya npm, ghala la maktaba za JavaScript, ikiwamo left-pad yenye mistari 11, na miradi mingi mno ikashindwa kujengwa siku hiyohiyo. Januari 2022 mwenye maktaba ya colors aliingiza makusudi kitanzi kisichoisha. Waliohangaika kutafuta kosa walikuwa wengi, si kampuni kubwa tu.

Fanya hivi badala yake. Andika faili ya SUPPORT.md: unashughulikia kasoro siku gani, matoleo gani, na kwamba anayehitaji haraka anaweza kulipia. Taja huduma tatu zenye bei: kurekebisha kasoro kwa kipaumbele, mkataba wa msaada wa mwaka, na kuongeza kipengele. Kisha tengeneza jibu fupi la kudumu linaloelekeza huko, na ulitumie bila kuongeza maelezo wala kuomba radhi. Hapa kuna jambo wasanidi wengi hawalijui: mhandisi anayekuandikia mara nyingi hana uwezo wa kutoa mchango, lakini idara yake ya manunuzi inaweza kulipa ankara. Kitufe cha kuchangia hakiingii katika taratibu zao za hesabu; mkataba wa ukurasa mmoja wenye jina la huduma, kipindi na kiasi unaingia. GitHub Sponsors na Open Collective, njia za kupokea michango, zifungue pia, kwa ajili ya watu binafsi na kampuni ndogo.

Kama uchovu umezidi, tangaza unatafuta mrithi na upe muda, tuseme miezi mitatu. Asipopatikana, toa toleo la mwisho, andika juu ya README kwamba mradi hautunzwi tena, taja mbadala, na uifunge hifadhi iwe ya kusomwa tu. Usimkabidhi funguo mgeni wa kwanza anayebisha hodi kwa sababu tu unataka kuutua mzigo. Rejea habari ya xz.

Swali: Nimeajiriwa, na jioni naandika programu yangu. Naweza kuitoa?

Jibu: Soma mkataba wa ajira kwanza. Katika nchi nyingi msimbo ulioandikwa kama sehemu ya kazi ni wa mwajiri, na mikataba mingine inadai hata wa nje ya saa za kazi unapohusiana na biashara yake. Usitumie kompyuta wala akaunti za ofisi. Omba ruhusa ya maandishi inayotaja jina la mradi, leseni, na nani mwenye hakimiliki. Neno la mdomo la bosi wako litaondoka naye akihama.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, sina programu ya kutoa. Nichangie vipi miradi ya wengine?

Jibu: Chagua programu unayoitumia wewe mwenyewe. Tafuta taarifa ya kasoro isiyo na hatua za kuirudia, irudie kwenye mashine yako, kisha uandike toleo, mfumo endeshi na hatua kamili. Hilo peke yake ni msaada mkubwa kwa mtunzaji. Kiraka chako cha kwanza kiguse jambo moja, kiwe na jaribio lake, na kisipange upya nafasi na mistari ya faili nzima, maana atakayekipitia hataona ulichobadili. Kabla ya kazi kubwa uliza kwanza. Kiraka cha mistari elfu mbili kisichoombwa hukaa miezi bila kusomwa.

Swali: Kampuni moja inauza kifaa chenye programu yangu ya GPL ndani, na msimbo hawautoi. Nina nguvu gani?

Jibu: Unayo. Mahakama ya Munich mwaka 2004 ilitoa zuio dhidi ya msambazaji wa ruta zenye msimbo wa GPL bila kutimiza masharti, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani ilikubali kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kutetewa kwa sheria ya hakimiliki. Shinikizo bila kesi nalo limewahi kuzaa: msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G ulipotolewa mwaka 2003, juu yake ukajengwa mradi wa OpenWrt.

Kusanya ushahidi kabla ya kusema lolote hadharani. Nunua kifaa, tunza risiti, pakua faili ya programu yake kutoka tovuti yao na uandike tarehe na alama yake ya SHA-256, inayobadilika faili ikiguswa. Tafuta ndani yake ujumbe wa makosa na majina ambayo yamo katika msimbo wako tu. Kisha waandikie kwa adabu kama mnunuzi na kama mwenye hakimiliki, ukiomba msimbo chanzo kamili pamoja na hati za kuujenga. GPL toleo la 3 inampa anayekosea mara ya kwanza siku 30 tangu apokee taarifa yako kurekebisha, na haki zake zinarudi moja kwa moja. Toleo la 2 halina kipindi hicho. Haki hukoma papo hapo. Wengi hujibu kwenye barua ya kwanza au ya pili, kwa kuwa mara nyingi msimbo uliwafikia kupitia muuzaji wa vipuri na hawakujua umo. Wakinyamaza, ndipo umwone mwanasheria wa hakimiliki, ukiwa na faili lako tayari.

Ila hakikisha kwanza kwamba wanasambaza kweli. Kama kifaa ni skrini tu na programu yako inakimbia kwenye seva zao, GPL haijavunjwa, na barua ya vitisho itakuharibia msimamo. Katika hali hiyo kinachobaki ni kutoa toleo lijalo kwa AGPL, iwapo hakimiliki yote ni yako au wachangiaji wako wameridhia.